Siku Mama Alipopanda Gurudumu la Ujiji

Enzi zetu, mtoto hakupanda bembea mpaka apimwe kwanza. Wenzangu mliokulia Ujiji, au mliokuwa mkiletwa kwa bibi zenu wakati wa likizo kama sisi, mnajua ninachosema. Mnamkumbuka Mzee Rajabu akikushika kwapani, anakunyanyua kidogo, anakutikisa kama mtu anayenunua kuku, halafu anatangaza mbele ya umati wote: "Huyu analingana na yule mwenye kofia. Leteni wote wawili!" Ndipo unapanda. Watoto wa leo wakifika kwenye bembea, kitu cha kwanza wanachokagua ni chaji ya simu.

Sisi tulikuwa watoto wa reli. Baba alikuwa fundi wa mabehewa pale Tabora, na kila mwaka familia yake ilipata tiketi za bure za kwenda likizo. Tungeweza kwenda popote treni inapofika, lakini Baba alikuwa mzaliwa wa Ujiji, na kwa mtu wa Ujiji dunia ina sehemu mbili tu, Ujiji na kwingineko. Mama alikaanga maandazi ndoo nzima, akachemsha mayai, akafunga kuku kwenye gazeti, na kabla treni haijatoka stesheni mdogo wangu Hamisi alikuwa ameshaomba paja. Tukifika Uvinza tulimnunulia Bibi chumvi. Kigoma tuliijua kwa pua kabla ya macho, kwa harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, na mawese yanayochemka, na ule ubaridi wa ziwa ambao mpaka leo sijaupata mahali pengine. Bibi alitupokea mlangoni kwa "Mwakeye!" ya Kiha, nasi tukamjibu kwa shikamoo ya Tabora. Kisha alitutazama mmoja mmoja na kulalamika kwamba tumekonda, hata Mama.

Hapo Bibi alikuwa anatia chumvi, maana Mama hakuwahi kukonda. Mama Zena, na Zena ndiye mimi, kifungua mimba wake, alikuwa mwanamke mkubwa. Kwenye treni, kondakta alimpa nafasi ya watu wawili bila kuulizwa. Akipita uani, sufuria za Bibi zilitikisika rafuni. Na kwenye ngoma alicheza mpaka wembamba wote wakaomba maji, yeye bado anauliza kwa nini mmenyamazisha. Baba, ambaye ungeweza kumkunja na kumtia kwenye kapu la sokoni, alimtazama mke wake kwa fahari ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Sikukuu ya Idi ikiangukia ndani ya likizo, hatukulala. Si kwa sababu ya nguo mpya, wala pilau, wala hata samaki wa Bibi, migebuka ya ziwani, ambayo aliichoma mpaka ngozi ikapasuka na mafuta yakadondoka kwenye makaa. Kilichotukosesha usingizi kilikuwa Gurudumu. Mzee Rajabu alikuwa fundi wa mitumbwi, na kila Idi aliacha kazi ya ufukweni, akaja uwanjani na vijana wake kusimamisha nguzo mbili za mvule. Kati yake alipitisha mhimili alioutoa kwenye lori bovu, na kwenye mhimili akafunga mbao za kuning'iniza masanduku manne. Ndani ya kila sanduku kulikuwa na benchi, na mbele mnyororo wa kukuzuia usianguke. Hapakuwa na injini wala umeme. Wanaume wanne walilisukuma kwa mikono, wakiimba, jasho likiwatiririka mpaka kwenye misuli ya miguu. Mhimili ulipoanza kulia, ulimiminiwa mawese. Kwa hiyo kila aliyepanda alirudi nyumbani na doa la rangi ya chungwa kwenye nguo ya sikukuu, na mama zetu walijua umepanda mara ngapi kwa kuhesabu madoa.

Jioni familia nzima ilikwenda, baada ya sala ya alasiri. Uwanja ulinukia udi, karanga na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili. Tulinyonya barafu za rangi mpaka ndimi zikawa za kijani. Tulinunua miwani ya plastiki ambayo haikuonyesha kitu, tukatembea nayo tukigongana, tukijiona watu wa maana sana.

Gurudumu lilikuwa na sheria moja, na Mzee Rajabu aliitamka kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Bila mwenzake hapandi mtu." Ukikaa sanduku hili, lazima sanduku la upande wa pili akae mtu wa uzito wako. Upande mmoja ukizidi, gurudumu linaelemea huko, na wasukumaji wanabaki wanang'ang'ana nalo mpaka mabega yanateguka. Hamisi, aliyekuwa mwepesi kuliko watoto wote, alipandishwa na jiwe la kusagia miguuni. Alilia kwa aibu, lakini alipanda.

Mwaka wa kwanza ninaoukumbuka vizuri, nilikuwa na miaka tisa. Mama alisogea mbele akiwa amejifunga kitenge chake cha bluu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Shemeji Rajabu, na mimi leo."

Mzee Rajabu alimtazama kutoka kilemba mpaka kandambili. Alikuwa amekua pamoja na Baba, na utani wa shemeji mnaujua, hauna breki. "Shemeji," akasema, "mwenzako bado hajazaliwa."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama naye alicheka, tena alicheka kuliko wote. Na mimi, hili sijawahi kulisema mbele ya mtu, nilirudi nyuma hatua tatu, nikaenda kusimama karibu na mama mmoja mwembamba aliyevaa miwani, kana kwamba ndiye aliyenizaa. Mama aliniona. Alikwenda zake langoni kufanya kazi aliyoifanya kila jioni ya Idi, kushika viatu vya watoto wanaopanda. Usiku Bibi alipomuuliza kama wamefurahi, alijibu, "Watoto wamefurahi." Nilikuwa nimelala nikiwa macho, na neno lile "watoto" likanichoma.

Mwaka uliofuata Baba alipata barua ya kupunguzwa kazini. Tiketi zilizobaki zilikuwa za mwisho. Wakubwa hawakutueleza, lakini watoto wa enzi zetu tulikuwa na masikio. Ndani ya treni, Mama aliegemea dirisha na kusema kama anayejisemea mwenyewe, "Mwaka huu ningependa kuliona ziwa kutoka juu. Mara moja tu, basi."

Baba akasema, "Tutaona."

"Tutaona" ya baba zetu mnaijua. Maana yake ni hapana, ila hapana yenye heshima. Ndipo nilipoapa, huku nimeshika kichwa cha kuku mkononi, kwamba kama mwenzake Mama amezaliwa, mimi nitamtafuta.

Idi mosi ikapita. Idi pili ikapita. Jioni ya Idi tatu, kesho yake Gurudumu likitakiwa kuvunjwa na keshokutwa sisi tupande treni, niliingia kazini. Nilizunguka uwanja nikiwapima wanawake kwa macho, kama Mzee Rajabu. Nilianza na mke wa fundi cherehani, nikamsalimu kwa adabu zote: "Shikamoo. Samahani mama, wewe una kilo ngapi?" Alinifinya sikio mpaka likapiga kengele. Nikampata wa pili, nikimtazama kwa nyuma nikaona ndiye hasa, mpaka alipogeuka na kumbe ni mjamzito, siku zake zimekaribia. Huyo angepanda na mtu wa ziada. Wa tatu aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, na kwa vile kwa Waha swali hilo likiulizwa hivyo jibu lake ni kukimbia, nilikimbia.

Nilikimbilia nyuma ya nguzo ya Gurudumu, na pale, juu ya kreti ya soda iliyopinda katikati, alikuwa ameketi Bi Tausi.

Bi Tausi aliuza mawese sokoni. Kila Idi yeye ndiye aliyeleta debe la kulainisha mhimili. Wote tulilifahamu lile debe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelitazama miaka miwili, na sikuwahi kumtazama anayelishika. Sasa nikamtazama. Nikaanzia miguuni, nikapanda taratibu, na upana ulikuwa ule ule wa Mama.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Unatafuta nini huku, mtoto wa Tabora?"

Safari hii nilikuwa nimejifunza. Sikuuliza kilo. "Mama yangu anataka kupanda Gurudumu," nikasema, "na hana mwenzake."

Nikafunika masikio yote mawili kwa mikono, tayari. Lakini yeye akauliza tu, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha Mama kule langoni, amebeba viatu vya watoto watano. Bi Tausi alimwangalia kitambo, akaweka kifuniko kwenye debe lake na kuinuka.

"Miaka yote hii nalipaka mafuta gurudumu hili," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka kupanda. Twende."

Walisimama uso kwa uso. Mama alimpima Bi Tausi, Bi Tausi akampima Mama, na watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma, maana hawakujua kama utakuwa ugomvi au nini. Kisha Bi Tausi akapiga kofi moja. "Ego!" akasema, ndiyo ya Kiha. "Huyu ni wangu." Wakacheka wote wawili, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Mama akicheka kicheko ambacho hakikuwa cha kufunika kitu.

Mzee Rajabu alipoambiwa, alikuna kidevu. Mti una miaka mingi, akasema. Mhimili ulishatumika kwenye lori. Vijana wamechoka. Bi Tausi alimwacha amalize.

"Rajabu," akasema, "mitumbwi yako inabeba magunia ya dagaa na mapipa ya mawese mpaka Kongo, katikati ya mawimbi. Leo uniambie kazi ya mikono yako haiwezi kubeba wanawake wawili, hapa nchi kavu?"

Ukitaka kumpandisha mori fundi mtumbwi wa Ujiji, itilie shaka kazi yake mbele za watu. Mzee Rajabu alivua kofia. "Shusheni watoto wote," akaamuru.

Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipojitokeza. Bi Tausi aliingia kwenye sanduku la chini, na sanduku la Mama lilikuwa juu kabisa, tupu. Ili lishuke, Bi Tausi alipaswa kupandishwa kwanza, akiwa peke yake, bila mwenzake. Wasukumaji wanne waliingiza mabega. Gurudumu halikutingishika. Wakajaribu tena, mmoja akateleza kwenye mawese akakaa chini. Watu wakaanza kuguna, na nikaona mkono wa Mama ukirudi taratibu kuchukua vile viatu.

Mzee Rajabu akapiga kelele iletwe kamba ya kuvutia mitumbwi. Kijana wake mmoja alikwea nguzo, akaifunga kwenye sanduku la juu, na ncha yake ikaangushwa kwa umati. Wa kwanza kuishika alikuwa Baba, yule yule ambaye ungemtia kapuni. Nyuma yake akaja muuza karanga, fundi cherehani na mkewe aliyenifinya, wavuvi watatu waliokuwa na nguo za Idi. Yule mama mwembamba mwenye miwani naye alivua viatu, akaja. Mimi nikashika nyuma yake.

"Harambee!" Mzee Rajabu akaita.

"Eee!" tukaitika, tukavuta kama tunaotoa mtumbwi majini. Bi Tausi akainuka kidogo. "Harambee!" "Eee!" Akainuka tena. Viganja viliungua, mchanga uliruka, na yule mama mwenye miwani akageuka akaniuliza huku anahema, "Kwani anayetaka kupanda ni nani?"

"Mama yangu!" nikajibu. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na deni la mwaka mzima, nikalisema tena kwa nguvu zote za kifua changu ili uwanja wote usikie. "Ni Mama yangu! Yule pale, wa kitenge cha bluu! Ni Mama yangu!"

Mama aliniangalia. Nilijua kwamba anakumbuka, na nilijua kwamba limekwisha.

Bi Tausi akafika juu. Sanduku tupu likafika chini, watu wakalishikilia. Mama alivua kandambili, akatazama huku na huku ampe nani, akamkabidhi Baba. Baba akazipokea kwa mikono miwili. Mama akaingia. Mbao zililia, mnyororo ukafungwa, kamba ikafunguliwa. Mzee Rajabu akatema mate viganjani, akajikaza kama mtu anayetaka kusukuma ukuta, akasukuma.

Nusura aanguke kifudifudi. Gurudumu lilikwenda lenyewe! Lilikwenda kwa ulaini ambao hatukuwahi kuuona, maana uzito wa huku ulivutwa na uzito wa kule. Wale wanaume wanne walibaki wamekodoa macho, mikono mitupu. Mama alipanda juu, Bi Tausi akashuka. Bi Tausi akapanda juu, Mama akashuka, vitenge vikipepea. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele.

"Zena!" Mama aliita kutoka juu. "Zena, naiona Kongo!"

Na kweli, sisi chini tuliona migongo ya watu tu, lakini yeye aliliona ziwa lote, na jua likizama nyuma ya milima ya ng'ambo. Bi Tausi alipofika juu naye akapiga ukelele, "Naliona bati la nyumba yangu! Lina kutu!"

Zamu ilipoisha, kumbe kulisimamisha ndiyo kazi. Mzee Rajabu alining'inia kwenye ubao mmoja, likamburuta. "Simamisheni!" akapiga kelele. "Mkithubutu!" Mama akajibu kutoka juu. Lilizunguka mpaka adhana ya magharibi ilipoanza, ndipo likachoka lenyewe. Mama alishuka akiwa na doa la mawese mgongoni, kubwa kama sahani. Doa lile halikuwahi kutoka kwenye kitenge chake, na sidhani alijaribu kwa nguvu kulitoa. Mzee Rajabu alimwinamia. "Shemeji," akasema, "miaka yote napandisha wepesi, na nachoka bure." Asubuhi Gurudumu halikuvunjwa, kwa sababu wakubwa wote wa Ujiji walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na mwenzake.

Miaka mingi baada ya hapo, debe la mawese lilikuwa linafika Tabora kwa treni kutoka kwa Bi Tausi, na debe la asali lilikuwa linarudi Ujiji kutoka kwa Mama. Halafu ukaja mwaka ambao mawese hayakufika. Mama alikaa siku nzima uani akilisugua debe tupu.

Mwaka huu nilimleta Mama likizo Kigoma. Tunaishi naye Dodoma, amekuwa mwepesi, macho yamefifia, nikimwogesha naogopa kumbana. Jioni moja tulikwenda kwenye bustani ya michezo iliyofunguliwa ufukweni, upande wa Bangwe. Kuna taa za kila rangi, majumba ya kuruka yaliyojazwa upepo, na muziki wa kukuziba masikio. Binti yangu Salma alizipiga picha chipsi zake mpaka zikapoa, akapiga picha geti, akapiga picha ziwa akiwa amelipa mgongo. Nilijiambia, hawa hawataikumbuka jioni hii, simu ndiyo itakayowakumbukia. Na katikati, limewaka taa kama harusi, gurudumu refu la chuma.

Mama alisikia mngurumo wake. "Ni lenyewe?" akauliza. Nikamwongoza mpaka kwenye kiti. Kijana anayeliendesha alimwamkia vizuri, akafungua mkanda. Mama akasimama.

"Upande wa pili yuko nani?"

"Hakuna mtu, Bibi. Hili ni la umeme, halihitaji."

"Bila mwenzake hapandi mtu," akasema Mama, na hakusogea. Foleni ikaanza kunung'unika. Kijana akanitazama mimi. Mimi, ambaye sasa kondakta hunipa nafasi ya watu wawili bila kuulizwa.

Nikamvua Mama viatu, nikampakia, nikangoja kiti cha mkabala kifike chini, nikaingia. Chuma hakikulia. Kwa mizani ya Mzee Rajabu tusingekwenda popote, yeye angening'inia juu kama unyoya nami nimezama chini, na kamba ya mitumbwi yote ya Ujiji isingetosha. Jioni nzima nilikuwa nimeusema vibaya umeme. Hapo niliusamehe, maana ulitubeba wote wawili bila kuuliza nani mzito.

Nilipokuwa chini, yeye akiwa juu kabisa, nikaisikia sauti yake ikishuka kwenye muziki, sauti ya mtu asiyeona hata kikombe mezani. "Zena! Naiona Kongo!"

"Ni Mama yangu!" nikapiga kelele, kwa watu nisiowajua, na watu wakageuka.

Salma naye aligeuka. Alikuwa langoni. Simu ilikuwa mfukoni, na mikononi mwake alikuwa ameshika viatu vya bibi yake.